Mtoto Asiachwe Ndani ya Gari Lililosimama

Katika somo la mwezi huu twataka kufikiri habari ya jambo lililo dogo machoni pa wengi, lakini limewaliza wazazi wengi: mtoto mdogo kuachwa peke yake ndani ya gari lililosimama. Tusiseme upesi kwamba hayo ni ya nchi za mbali. Magari yamekuwa mengi kwetu pia, na jua letu si haba.

Kwanza tujue jinsi gari linavyopata joto. Mwanga wa jua hupenya vioo na kuvipiga viti na dashibodi. Navyo hupata moto na kuitia joto hewa iliyofungiwa ndani. Hewa hiyo haina njia ya kutoka, basi joto huzidi kulundikana. Mwaka 2005 wataalamu wa California, Marekani, walitoa taarifa ya vipimo vyao. Waliona kwamba kwa muda wa saa moja joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za sentigredi. Hata nje pakiwa na nyuzi 22 tu, ndani huweza kufika 47. Tena sehemu nne katika tano za joto hilo huja katika dakika 30 za kwanza. Kufungua kioo kidogo hakukusaidia kitu.

Pili tufahamu mwili wa mtoto. Mwili wake hupata joto upesi, mara tatu hata tano kuliko wa mtu mzima. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo na viungo vya ndani huanza kudhurika, na kifo hakiko mbali. Naye amefungwa mkanda kitini, hawezi kufungua mlango, wala pengine halii. Huonekana kama aliyelala tu.

Tatu tuulize, watoto huingiaje katika hatari hii? Huko Marekani, ambako hesabu imewekwa tangu mwaka 1998, watoto zaidi ya 1,000 wamekufa kwa joto ndani ya magari, wastani wa 37 hivi kila mwaka. Karibu robo yao waliingia wenyewe katika gari lisilofungwa. Wengine waliachwa na mtu aliyejua kwamba wamo. Lakini zaidi ya nusu walisahauliwa.

Hapo wengi husema, "Mzazi ampendaye mwanawe hawezi kumsahau." Neno hili ndilo la hatari kuliko yote, maana alisemaye hajilindi. Mwaka 2009 Gene Weingarten wa gazeti la Washington Post aliandika habari za wazazi waliopatwa na msiba huu, na mwaka 2010 akapewa tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo. Kati yao walikuwamo muuguzi, askari wa polisi, daktari wa watoto, hata mtumishi wa kanisa. Hawakuwa watu wasiojali.

David Diamond wa Chuo Kikuu cha South Florida, mchunguzi wa mambo ya ubongo, ameeleza sababu. Mambo tufanyayo kila siku huendeshwa na desturi, wala hatuyafikiri. Baba azoeaye kwenda kazini moja kwa moja, siku moja aombwa ampeleke mtoto kwa mlezi. Mtoto asinzia, simu yalia, mawazo ya kazi yamshika. Desturi yampeleka kazini, naye aamini kabisa kwamba mtoto amekwisha kumfikisha. Tena tangu miaka ya 1990 watoto wahamishiwa viti vya nyuma, kwa kuwa mifuko ya hewa ya mbele iliwaua wengine. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini limemweka mtoto mahali asipoonekana na dereva.

Basi upendo peke yake hautoshi. Hatuna budi kuutilia desturi njema, nazo ndizo hizi:

1. Tusimwache mtoto garini hata dakika moja, tukienda dukani, sokoni, wala kanisani. Akilala, na abebwe.

2. Kila tushukapo, tufungue mlango wa nyuma na kutazama, hata siku ambayo hatukuchukua mtoto. Tuweke nyuma mkoba au simu, kitu tusichoweza kwenda bila hicho.

3. Gari lililosimama nyumbani lifungwe, na funguo ziwekwe mbali na watoto. Mtoto asipoonekana, tutazame upesi kisimani na katika magari, pamoja na buti.

4. Tupatane na mlezi au mwalimu: mtoto asipofika saa yake, atupigie simu mara moja.

5. Msimamizi wa basi la shule atembee hadi kiti cha mwisho kabla ya kufunga mlango. Mwezi wa Septemba 2022 watoto wadogo walikufa katika mabasi ya shule huko Japani na Katari. Baada ya hayo Japani iliamuru, kuanzia Aprili 2023, mabasi ya chekechea yawe na chombo cha kumkumbusha dereva. Italia nayo tangu Novemba 2019 hudai chombo cha namna hiyo kwa gari lichukualo mtoto wa chini ya miaka minne.

6. Tumwonapo mtoto peke yake garini, tusipite. Tuite watu na polisi; naye akiwa amelegea, tuvunje kioo kilicho mbali naye. Tumweke kivulini, tumvue nguo, tummwagie maji, tumpepee, na kumpeleka hospitali.

Walimu, someni haya pamoja na wazazi na wasimamizi wa mabasi ya shule. Maswali ya kuzungumza: Kwa nini kioo kilichofunguliwa kidogo hakitoshi? Siku gani desturi zetu za asubuhi hubadilika, na nani atatukumbusha? Mwenzetu akipatwa na msiba huu, tutamwendea kama mahakimu au kama ndugu?