UMRI SI KOSA

Umetoka Chilangala kwenda kuomba kazi kwenye ghala la korosho. Unaambiwa: "Mzee, tunataka vijana tu." Je, ni halali?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya umri wake. Inamlinda hata yule anayeomba kazi. Mwajiri achague kwa kuangalia kazi yenyewe inataka nini. Kama ni kubeba magunia, apime nguvu, asihesabu mvi.

Ukibaguliwa, usinyamaze. Andika tarehe na maneno uliyoambiwa. Peleka malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 60 hazijapita.

Swali: Kwa nini tuandike tarehe?