Dondoo muhimu: Kivinjari kinaposuasua kufungua faili lililomo kwenye kompyuta yako

Ukurasa uliohifadhiwa kwenye diski hauhitaji bando, hivyo unatakiwa kufunguka papo hapo. Ukichelewa, kagua haya kwa mpangilio:

1. Zima intaneti, kisha fungua ukurasa tena. Kasi ikirudi, ukurasa huo unaagiza fonti, picha au skripti kutoka mtandaoni. Pakua vitu hivyo, viweke kwenye folda ya ukurasa, kisha rekebisha anwani zake.

2. Bonyeza F12. Kwenye Chrome au Firefox, chagua kichupo cha Network na upakie ukurasa upya. Mstari mrefu kuliko yote ndio unaokuchelewesha.

3. Jaribu dirisha la faragha. Kwa kawaida Chrome haiwashi viendelezi humo. Ukurasa ukifunguka haraka, rudi dirisha la kawaida uzime viendelezi kimoja kimoja.

4. Angalia faili lilipo. Flashi ya zamani au folda ya pamoja ya ofisini inaweza kuwa nzito. Nakili faili kwenye diski ya kompyuta.

5. Kagua antivirusi. Nyingi huchunguza kila faili linapofunguliwa. Usiizime; iruhusu iruke folda ya kazi yako tu, kama unaamini vilivyomo.

6. Unatumia seva ya ndani? Andika 127.0.0.1 badala ya localhost. Huenda kivinjari kinaanza na IPv6, kinakosa jibu, ndipo kinajaribu IPv4.

Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote pamoja, hutamjua mchawi.