Fleti Mpya Katika Mtaa wa Zamani: Jinsi ya Kusoma Mchoro Kabla Ukuta Haujasimama

Malalamiko mengi ya ujenzi hapa Mombasa hufika kwa maafisa wa mipango yakiwa yamechelewa. Nguzo zimeshasimama na zege limeshamwagwa, ndipo jirani anapokuja na bahasha. Mama mmoja mzee wa Majengo alikuja na picha kwenye simu ya mjukuu wake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa pamejengwa fleti za orofa sita, na madirisha yote ya upande ule yalitazama moja kwa moja uani kwake. Uani ndipo alipopikia, alipofulia na alipokaa bila buibui tangu alipoolewa. Sasa alikuwa akitoka alfajiri na usiku tu. "Mwanangu," alimwambia afisa, "hawa hawakujenga nyumba, wamenijengea macho."

Jengo lile lilikuwa na kibali, lilikuwa na mhandisi, na halikuwa na ufa hata mmoja. Kilichokosekana ni mtu wa kuutazama mchoro ungali karatasi na kuuliza dirisha hili linaangalia nini. Somo la toleo hili ni hilo: namna mkaazi wa kawaida, asiye msanifu wala mhandisi, anavyoweza kuusoma mchoro wa jengo jipya na kujua kama litaupatana mtaa wake au litaugombanisha.

Mtaa una kanuni zake

Watu wengi hudhani jengo jipya linafaa mtaa wa zamani likipambwa kama wa zamani. Hubandikwa mlango wa nakshi, matao mawili ya Kiarabu juu ya geti, na rangi nyeupe, kisha husemwa kuwa ni "mtindo wa Kiswahili". Huo ni urembo tu. Kanuni za mtaa hazimo kwenye nakshi. Zimo katika namna nyumba zinavyokaa na barabara, zinavyogawana upepo, na zinavyostahiana.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya Majengo, ambayo kila mkaazi wa kisiwani anaijua. Mbele kuna baraza ukingoni mwa njia. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mrefu wa katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha unatokea uani penye jiko, choo na pengine kisima. Baraza ni ya watu wote: muuza kahawa, mzee wa mtaa, watoto wanaosubiri gari la shule. Uani ni pa wenyewe. Kati ya hapo na hapo kuna hatua, na mgeni hazivuki zote. Nyumba ikisimama peke yake au zikiwa hamsini, mpango ni uleule, na ndiyo maana watu wengi wameweza kuishi karibu karibu bila kuchungulianana.

Wala si kweli kwamba desturi yetu haijui nyumba ndefu zilizoshikana. Nyumba za Mji wa Kale na zile za mawe za Lamu zina orofa mbili au tatu, zinaegemeana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vyake ni vyembamba. Ukiziangalia, hizo ndizo mezoneti zetu za kwanza. Ila waliozijenga waliumizwa kichwa na jambo lilelile lililomleta yule mama ofisini. Katika nyumba ya Lamu, kutoka daka unaingia kwa kukata kona, hivyo hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni ndani. Vyumba vinafunguka kuelekea kiwanda, yaani ua wa katikati, si kuelekea kwa jirani. Madirisha ya barabarani huwa machache au yana mbao za kuzuia macho na kupitisha upepo. Wasanifu wetu wa leo wanalipwa vizuri, na si vibaya wakitembea Lamu siku mbili kabla ya kuchora fleti za Majengo.

Mfano wa ploti moja

Tuchukue ploti ya upana wa mita 15 na urefu wa mita 30, yaani mita za mraba 450, katika barabara ya upana wa mita 6 yenye nyumba za Kiswahili pande zote mbili. Mwenye ploti anataka fleti. Tumwekee michoro miwili mezani.

Mchoro wa kwanza ndio unaoonekana kila mahali. Jengo moja la mita 13 kwa 24, orofa sita, urefu wa mita 18 hivi. Orofa ya chini ni maegesho ya magari na geti la chuma. Juu yake orofa tano, kila moja fleti nne, jumla fleti 20. Madirisha yako pande zote nne kwa sababu yamelazimika kuwa huko: jengo limejaa ploti, halina ua wake lenyewe, basi linaazima hewa na mwanga kwa jirani.

Mchoro wa pili unaigawa ploti. Mbele, kwenye mstari uleule wa nyumba jirani, jengo la orofa mbili lenye kina cha mita 10: chini duka na fleti moja, baraza ikiwa pale pale ukingoni, juu fleti mbili. Nyuma yake ua wa mita 6. Kisha jengo la pili la orofa nne lenye kina cha mita 11, fleti mbili kila orofa, na mita 3 zikibaki hadi ukuta wa jirani wa nyuma. Njia ya mita 2 inapita ubavuni. Jumla ni fleti 11 na duka moja. Veranda na madirisha makubwa yote yanaangalia ua wa ndani. Upande wa jirani wa nyuma kuna madirisha ya bafu na jikoni tu, yakiwa juu kuliko kimo cha mtu, au ukuta wa matofali ya matundu.

Jengo lile la nyuma lina urefu wa mita 12, lakini mtu akisimama upande wa pili wa barabara hataliona isipokuwa kwa kuchungulia njia ya ubavuni. Lile la mbele linamkinga. Macho ya mpita njia yanakutana na baraza, duka, na ukuta wa kimo kinachokaribiana na cha jirani. Hiyo ndiyo maana ya kushusha jengo kuelekea barabarani na kulipandisha kuelekea ndani.

Fleti 20 dhidi ya 11: hesabu hiyo haimpendezi mwenye ploti, na si haki kuificha. Atapoteza kodi ya fleti tisa. Kwa upande wa pili, jengo la orofa nne lina msingi mwepesi zaidi na wapangaji wanaweza kupanda ngazi. Duka la barabarani nalo huleta kodi pale ambapo mchoro wa kwanza uliweka magari. Hata hivyo hatuwezi kudai kwamba kila mara mizani italingana. Kuna ploti ambapo mwenyewe atapata kidogo ili mtaa uendelee kukalika, na hilo lazima lizungumzwe waziwazi kuliko kupambwa.

Katika kila mchoro tafuteni tarakimu mbili. Ya kwanza ni sehemu ya ploti iliyofunikwa na jengo: mchoro wa kwanza unafunika karibu asilimia 69, wa pili karibu asilimia 61. Tofauti inaonekana ndogo. Ya pili ni jumla ya sakafu zote ikigawanywa kwa ukubwa wa ploti. Hapo mchoro wa kwanza unafika karibu 3.5 bila kuhesabu maegesho, na wa pili hauzidi 1.9. Ndiyo tarakimu inayowatoroka watu kwenye mikutano, ilhali ndiyo inayoeleza uzito ambao mtaa utaubeba. Viwango vinavyokubaliwa hutofautiana eneo kwa eneo. Ulizia vya mtaa wako kabla ya kubishana.

Upepo, jua na maji

Vitabu vya nchi za baridi vimejaa malalamiko ya kivuli cha majengo marefu. Hapa Pwani ni nani atakayechukia kivuli saa nane mchana? Kinachoibwa kwetu ni upepo. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba, na kaskazi kutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi. Jengo pana lililokatiza upepo huo bila mwanya huwafanya waliofuata nyuma wanunue feni na kulipa stima. Njia ya ubavuni na ua wa katikati wa mchoro wa pili si starehe ya msanifu. Ndiyo mifereji ya hewa.

Jua nalo lina tabia yake. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana liko karibu utosini na paa ndilo linalolipokea. Kuta zinazoteseka ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Chumba cha kulala chenye dirisha kubwa la vioo upande wa magharibi kitakuwa tanuri hadi saa tatu usiku. Weka ngazi, vyoo na stoo upande huo.

Kisha maji. Tukikadiria watu wanne kwa kila fleti na lita 80 kwa mtu kwa siku, fleti 20 zitatumia lita 6,400 kila siku, sawa na mitungi 320 ya lita ishirini. Fleti 11 zitatumia lita 3,520. Nyumba ya zamani iliyobomolewa, tuseme ilikuwa na watu 18, ilitumia lita 1,440. Bomba la mtaa ni lilelile na mgao ni uleule, na wakaazi wanajua siku za mgao zilivyo. Jengo lisiloonyesha kwenye mchoro matangi yake, namna ya kuvuna maji ya mvua, na mahali boza litakaposimama bila kuziba njia, limeamua kuwategemea majirani.

Maji yakiingia lazima yatoke. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mabomba ya maji taka, hivyo kila jengo lina tangi na shimo lake. Ardhi ya kisiwa ni ya mawe ya matumbawe, inapitisha maji kwa urahisi, na wengi bado wanatumia visima. Shimo lililochimbwa kwa watu 18 likipelekewa 80, kisima cha jirani ndicho kitakachotangaza habari. Ulizeni shimo liko wapi, lina ukubwa gani, liko umbali gani na kisima kilicho karibu, na gari la kunyonya litafikaje.

Mitaa yenye nyua na miti

Yaliyosemwa juu ya Majengo hayahami yalivyo hadi Tudor, Ganjoni au Nyali. Huko nyumba za zamani zimesimama nyuma ya bustani, na kanuni ya mtaa ni miti na nafasi. Mezoneti sita kwa safu zinaweza kukaa vizuri sana pale palipokuwa na bangaloo moja, mradi safu irudi nyuma kwenye mstari wa majirani na geti liwe moja badala ya mageti sita yanayokata njia ya miguu. Miembe na miarobaini iliyopo ichorwe kwenye ramani kabla ya kuchora vyumba. Mti wa miaka mingi huwezi kuununua baada ya kuukata. Mji wa Kale ni jambo jingine kabisa: ni eneo lililohifadhiwa, na hata kubadilisha dirisha huko kunahitaji kushauriana na wahifadhi kwanza.

Unapoona tangazo

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi autangazie umma mradi wake na kuwaalika wananchi watoe pingamizi. Pingamizi hupelekwa kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi. Andika kwa ufupi na utaje kitu kinachoweza kurekebishwa kwenye mchoro. "Hatutaki fleti hapa" ni vigumu kulifanyia kazi. "Madirisha ya orofa ya pili hadi ya sita upande wa kaskazini yanaangalia uani kwetu, tunaomba yainuliwe au yahamishiwe upande wa barabara" humpa afisa la kuandika na msanifu la kufanya.

Usingoje. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Uamuzi ukishatolewa, mwombaji au jirani asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya rufaa za mipango ya ardhi, nayo kamati ina siku 14 za kuisikiliza na kuamua. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na ukiona ujenzi umeanza pasipo kibali chochote, ripoti: adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Kwa wanaonunua fleti badala ya kuijenga, Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inampa kila mwenye fleti au mezoneti hati yake, pamoja na hisa katika sehemu za pamoja: ngazi, ua, matangi, paa. Wamiliki wote ni wanachama wa shirika la jengo na ndio watakaolipia matengenezo. Basi kabla ya kuweka sahihi, nenda kwenye jengo saa nane mchana siku ya jua kali, simama kwenye ngazi, na uone kama kuna hewa.

Yule mama wa Majengo, jambo lake lilimalizwa na mazungumzo kati ya majirani. Mwenye fleti alikubali kuweka vibao vya mbao vya mshazari kwenye madirisha ya upande ule, kwa gharama yake. Wapangaji wamepoteza mwanga kidogo. Vibao vya orofa ya juu kabisa bado havijawekwa, na mama anasema anavihesabu kila asubuhi.