Kamera Ndogo ya Bei Nafuu: Jinsi ya Kuichagua na Kuitumia

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya kamera ndogo za dijitali, kwa kuwa chama cha wapiga picha kimeanza tena hapa shuleni. Nimekubali, si kwa sababu mimi ni fundi, bali kwa sababu zamani nilikosa kosa moja ambalo siwezi kulitengeneza tena. Napenda ninyi msilikose.

Mwaka 2013 mwalimu wetu wa hesabu alistaafu. Wanafunzi wake wa zamani tulikuja kutoka Kampala, Jinja na Mbale ili kumwaga. Juma moja kabla ya siku hiyo nilinunua kamera mpya mjini. Juu ya sanduku lake pameandikwa kwa herufi kubwa “megapikseli 16”, nami sikuuliza neno jingine. Nilitoa fedha, nikaja shuleni nikijiona mpiga picha.

Nilipiga picha 83. Saa sita na nusu mchana nilimsimamisha mwalimu mbele ya ukuta mweupe wa bweni. Jioni nilimpiga ukumbini akiwa anahutubu, nami nimekaa nyuma kabisa. Nilipozitazama nyumbani, nilikuta ukuta umetoka vizuri sana, lakini uso wa mwalimu ni kivuli kitupu. Zile za ukumbini zilikuwa kama mtu aliyepita mbio gizani.

Siku ile ile kijana mmoja wa kidato cha pili alikuwa na kamera kuukuu ya mjomba wake, yaani Canon PowerShot A590 IS iliyotoka mwaka 2008, yenye megapikseli 8 tu na kutumia betri mbili za AA. Nilimsikia akisema, “Mwalimu, tafadhali sogea barazani, utazame huku nje.” Akapiga picha moja, akamshukuru, akaenda zake.

Mwaka 2016 mwalimu wetu alifariki. Jamaa zake walituomba picha nzuri ya kuweka mbele ya jeneza. Katika zangu 83 haikupatikana hata moja. Iliyowekwa ni ile moja ya yule kijana, na watu wote walisema, “Naam, huyu ndiye mwenyewe.” Basi somo langu lote ni hili: picha haitoki katika namba iliyoandikwa juu ya sanduku, hutoka katika nuru, mkono uliotulia, na uangalifu wa mwenye kamera.

Kamera hii hufanyaje kazi?

Kamera za zamani zilipokea nuru juu ya filamu. Ya dijitali huipokea juu ya kigae kidogo kiitwacho kihisi, ambacho kimegawanyika katika vyumba vidogo sana kama sega la nyuki. Kila chumba hupima nuru iliyokiangukia, na vipimo hivyo vyote huandikwa katika kadi. Vyumba milioni moja ndivyo viitwavyo megapikseli moja. Kamera ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani, mwaka 1975. Ilikuwa na vyumba 10,000 tu, na kuandika picha moja katika kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23!

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana mwalimu wetu angependa. Picha ya kawaida ya kusafisha dukani ni inchi 6 kwa 4. Ukitaka iwe safi kabisa yahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani 1,800 mara 1,200, jumla 2,160,000. Hizo ni megapikseli 2 na kidogo tu. Hata picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 yahitaji karibu megapikseli 9. Kwa hiyo 16 zangu hazikunifaa kitu kuliko 8 za yule kijana.

Jambo lenye maana zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Katika kamera ndogo nyingi za bei nafuu, kihisi kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4 na nusu. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukikijaza vyumba vingi mno, kila chumba huwa chembamba na kupata nuru haba. Penye giza picha hutoka na chembechembe kama mchanga. Ziko kamera ndogo zenye kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho eneo lake ni kama mara nne ya kile cha kwanza, nazo hupiga vizuri zaidi penye nuru haba. Lakini bei yake ni kubwa. Mwenye fedha kidogo asione haya kununua ile ndogo, ila ajue mpaka wake.

Huenda mtu akauliza: kwa nini asitumie simu ya mkononi? Swali hili ni la haki. Simu nyingi za leo hupiga picha nzuri, na kwa sababu hiyo watu wameziacha kamera ndogo. Mwaka 2010 viwanda vilipeleka madukani kamera hizi zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2. Lakini hapa bwenini simu haziruhusiwi, na kamera ndogo haipigi kelele darasani wala haikuiti usome habari za watu. Tena, kwa kuwa wengi wameziacha, kamera iliyotumika hupatikana kwa bei ndogo.

Kuchagua

Mkienda kununua kamera iliyotumika, msione haya mbele ya mwenye duka. Chukueni kadi na betri zenu, mkaipime hivi:

Kwanza, iwasheni na kuizima mara tano. Lenzi itoke na kurudi pasipo kukwaruza. Ikisita au kulia kama jiwe la kusagia, irudisheni.

Pili, fungueni mahali pa betri. Mkiona ukungu wa kijani au mweupe juu ya vyuma, betri zilivuja humo. Iacheni.

Tatu, pigeni picha ya karatasi nyeupe. Madoa yakionekana mahali pale pale katika kila picha, kuna vumbi ndani. Kisha pigeni ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani, mkuze picha katika kioo cha kamera, mtazame kama herufi za pembeni zasomeka sawa na za katikati.

Nne, ulizeni lenzi yavuta mara ngapi. Kuna kuvuta kwa namna mbili. Kwa lenzi yenyewe, vioo husogea na kitu huja karibu kweli. Kwa dijitali, kamera hukata tu kipande cha katikati na kukikuza, kama mtu anayenyoosha chapati ndogo ijaze sahani. Ya pili msiihesabu. Mkiweza, ifungeni kabisa. Kamera yenye kituliza mtikisiko ndani ya lenzi ni bora kuliko isiyo nacho.

Tano, betri. Kamera ya betri za AA huwafaa watu wa vijijini, lakini zile za bei rahisi sana zitakufa baada ya picha chache. Nunueni za kuchajiwa ziitwazo NiMH, seti mbili. Kama kamera ina betri yake maalumu, hakikisheni kwamba chaja ipo na kwamba betri nyingine yapatikana.

Sita, kadi. Kadi za SD za kawaida huishia gigabaiti 2. Zile za SDHC ni za gigabaiti 4 hadi 32, nazo zilianza mwaka 2006. Kamera nyingi za kabla ya hapo hazizisomi. Jihadharini pia na kamera za kadi za xD, ambazo Olympus na Fujifilm walizianzisha mwaka 2002, kwani zimeacha kutengenezwa. Kamera nzuri isiyo na kadi ni kama kalamu isiyo na wino.

Kutumia

Sasa kamera iko mkononi. Haya ndiyo niliyojifunza kwa uchungu.

Juu ya nuru: Sisi twakaa karibu na ikweta, ambayo hapa Uganda hupita Kayabwe katika barabara ya Kampala kwenda Masaka. Adhuhuri jua huwa utosini, na kivuli cha paji la uso huangukia macho. Basi pigeni kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Ikiwa hapana budi kupiga mchana, mfanye mtu asimame barazani au chini ya mti, penye kivuli, akitazama upande wa nje ulio wazi. Nuru laini itaujaa uso wake. Hiyo ndiyo siri yote ya yule kijana.

Juu ya nyuso zetu: Mara nyingi kamera haijali kwamba mbele yake ni mtu. Kwa kawaida hupima nuru yote kwa jumla na kuifanya iwe ya wastani. Ikiona ukuta mweupe, mbingu, au mashati meupe ya wanafunzi arobaini, hudhani nuru imezidi, ikaipunguza. Na sisi wenye nyuso nyeusi tukapotea. Dawa yake iko katika alama ya + na −. Pelekeni kwenye + theluthi mbili au + moja, mkapige tena na kulinganisha. Au mwondoeni mtu mbele ya ukuta mweupe, mumweke mbele ya majani. Msiseme kamera haipendi watu weusi, haijaambiwa tu.

Juu ya mkono: Shikeni kamera kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimebana mbavu, mkaegemee nguzo kama ipo. Kitufe msikigonge. Kibonyezeni nusu, mngoje kamera itafute shabaha, nayo itaonyesha kwa mraba wa kijani au mlio. Kisha malizieni polepole. Ukumbini wekeni kamera juu ya meza na kutumia saa ya kusubiri ya sekunde 2, ili hata kidole kisiitikise. Tena jueni kwamba mkivuta mbali, mtikisiko nao wakua.

Juu ya flashi: Taa ile ndogo hufika mita 3 au 4 tu. Mimi niliyekaa nyuma ya ukumbi nilimulika visogo vya watu wa mbele yangu. Mkitaka mhutubu, ondokeni kitini, msogee mbele kwa adabu. Lakini mchana, mtu akiwa na jua nyuma yake, washeni flashi, itamtoa gizani.

Juu ya ISO: Huu ndio wepesi wa kihisi kuona nuru. Nje tumieni 100 au 200. Ndani mwaweza kupanda hadi 400. Kuanzia 800 kamera hizi hutoa mchanga nilioutaja, ila ni afadhali picha yenye mchanga kuliko picha iliyotikisika.

Kuhifadhi

Hapa ndipo wengi huanguka. Picha iliyo ndani ya kadi peke yake bado si yenu. Kila mnaporudi kutoka safarini, inakilini mahali pawili mbalimbali, kwa mfano katika kompyuta na katika diski ya nje. Wekeni tarehe ya kamera sawa tangu siku ya kwanza. Mkifuta picha kwa bahati mbaya, acheni kupiga mara moja na kuitoa kadi, maana mara nyingi programu huweza kuirudisha ikiwa hapajaandikwa kitu kingine juu yake.

Kisha chagueni picha chache mzisafishe, na nyuma ya kila moja andikeni majina, mahali na tarehe kwa penseli. Ninyi wanafunzi wa zamani mwajua jambo hili. Katika ofisi ya shule ziko picha za timu za mpira ambazo nyuso zote twaziona, wala hapana awezaye kusema ni nyuso za nani.

Zoezi

Juma hili kila mwanachama ampige mtu mmoja mara tatu: saa sita mbele ya ukuta mweupe, saa sita barazani, na saa kumi na moja jioni uwanjani. Kabla ya kupiga, mwombe ruhusa. Zileteni picha tatu tuzitazame pamoja, kila mtu aeleze tofauti na sababu zake.

Na zoezi la mwisho si la chama tu. Likizo inakaribia. Nyumbani kuna babu, bibi, au mwalimu wa zamani ambaye mwamwona kila siku na kudhani mtamwona siku zote. Mwombeni asogee barazani, atazame nje. Pigeni picha moja nzuri, mwisafishe, mwandike jina lake. Mimi nilipiga 83 nikarudi mikono mitupu. Yule kijana alipiga moja ikatosha. Hapa naweka kalamu chini.