MLANGO WA NYUMA USIOKAA JUU: SOMO LA KUBADILISHA SHOKAPU ZA BONETI NA BUTI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaosafiri kwa magari kutoka Visiwani kwenda Tanzania Bara, hasa wale wanaofika Morogoro kwa masomo, kazi au biashara, wanatanabahishwa juu ya kifaa kimoja kidogo ambacho aghalabu husahauliwa gari linapopelekwa gereji. Kifaa hicho ni shokapu ya gesi inayobeba boneti au mlango wa nyuma. Tairi, breki na mafuta ya injini huangaliwa kabla ya safari. Shokapu hii huangaliwa baada ya mlango kumwangukia mtu.

Kwanza yafaa jina lieleweke. Mafundi huiita shokapu ya buti au shokapu ya boneti, ingawa kazi yake si ile ya shokapu ya tairi. Ya tairi hutuliza mtikisiko. Hii hubeba uzito. Hupatikana katika magari ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, kama vile Toyota Noah, Hiace na Nissan X-Trail. Magari yenye milango ya nyuma inayofunguka ubavuni hayana haja nayo huko nyuma. Kwa upande wa boneti, magari mengi madogo yana fimbo ya chuma tu, na fimbo haichoki.

Shokapu yenyewe ni bomba la chuma lililozibwa, ambalo ndani yake imeshindiliwa gesi ya naitrojeni pamoja na mafuta kidogo. Kutoka katika bomba hutokeza mtaimbo mwembamba unaong'aa, nao hupita katika sili ya mpira inayozuia gesi isitoroke. Nguvu ya shokapu huandikwa ubavuni kwa kipimo cha nyutoni, kwa alama ya N. Kila N 10 ni takriban uzito wa kilo moja. Shokapu ya N 400 yenye mtaimbo wa milimita 8 ina ndani yake mgandamizo wa karibu kilo 80 kwa kila sentimita moja ya mraba, yaani zaidi ya mara 35 ya ule uliomo katika tairi ya kawaida ya gari dogo. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kwani itarejewa mwishoni.

Kuchoka kwa shokapu husababishwa zaidi na sili. Mpira hukauka kwa miaka, au hukwaruzwa na mtaimbo wenye kutu na vumbi. Gesi hutoka kidogo kidogo bila ya kusikika, na mara nyingine mafuta huacha alama nyeusi kuzunguka mtaimbo. Hapa wakaazi wa Visiwani wana hasara ya ziada. Morogoro huitwa mji kasoro bahari, na kwa jambo hili kasoro hiyo ni neema, kwani hakuna hewa ya chumvi. Gari lililokaa miaka Unguja au Pemba na kuegeshwa karibu na pwani hufika huko likiwa tayari na vidoa vya kutu juu ya mtaimbo, na kila mlango unapofungwa vidoa hivyo huparuza sili kama msasa.

Sasa lipo jambo linalowashangaza madereva wengi. Gari hupakuliwa mizigo adhuhuri mjini Morogoro, na mlango wa nyuma hukaa juu pasipo tatizo. Kesho yake alfajiri gari hilo hilo liko Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, likipakia kabichi, karoti na viazi, na mlango huo huo hushuka wenyewe na kumpiga kichwani aliyeinama chini yake. Wapo wanaolaumu upepo, na wapo wanaomlaumu aliyeufungua kwamba hakuusukuma hadi mwisho. Sababu ni baridi.

Gesi iliyofungiwa hupoteza nguvu inapopoa, na huongeza nguvu inapopata joto. Kila joto likipungua kwa nyuzi 10 za sentigredi, shokapu hupungukiwa na zaidi kidogo ya asilimia 3 ya nguvu yake. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali vijiji vya Mgeta viko juu ya mita 1,000, na vilele vya Uluguru hupita mita 2,600. Tuseme joto ni nyuzi 32 mchana mjini na nyuzi 12 alfajiri mlimani. Shokapu ya N 400 itakuwa imepoteza nguvu ya karibu kilo 3, na zikiwa mbili ni karibu kilo 6. Kwa shokapu mpya upungufu huo si kitu, kwa kuwa mtengenezaji ameacha ziada. Kwa shokapu iliyokwisha kuvuja hadi ikabaki na nguvu ya kushikilia tu, kilo hizo ndizo zilizokuwa zikiubeba mlango. Katika msimu wa masika huongezeka tope la barabara za mlimani lililoganda juu ya mlango, nalo lina uzito wake.

Kwa hiyo jaribio la adhuhuri halitoshi. Shokapu ipimwe asubuhi mapema, kabla jua halijaligusa gari. Mlango unyanyuliwe hadi nusu na mtu akiwa amesimama pembeni, si chini yake, kisha auache polepole huku mkono ukiwa karibu. Ukifunguliwa wote unapaswa kutulia hata ukisukumwa chini kwa vidole viwili. Ukianza kuteremka, shokapu imekwisha, na kipande cha boriti kinachochukuliwa ndani ya gari ili kuutegemeza si matengenezo. Kijiti hicho huteleza siku ya mvua, na aghalabu aliye chini yake si dereva bali ni mpakiaji asiyejua kwamba mlango ni mbovu.

Katika kununua, shokapu ya zamani ichukuliwe dukani kama kielelezo. Ulinganishwe urefu ikiwa imenyooka na ikiwa imejikunja, ukubwa wa vichwa vya mviringo vinavyoshikilia, na namba ya N. Wengine hudhani yenye namba kubwa ndiyo bora. Sivyo: iliyozidi nguvu hufanya mlango uwe mgumu kufungwa, na kwa muda hupinda bawaba au bati linaloishikilia. Ambaye gari lake limeongezewa kitu kizito mlangoni amweleze muuzaji. Zilizotumika zinazong'olewa katika magari ya Japani ni bei nafuu, lakini mpira wake una umri ule ule wa gari lilikotoka. Na zinunuliwe mbili kwa pamoja. Mpya ikiwekwa na iliyochoka, mlango hubebwa upande mmoja na kupindika.

Kazi yenyewe huchukua chini ya nusu saa. Gari liegeshwe mahali tambarare, pasipo upepo, na breki ya mkono ivutwe. Mlango ufunguliwe hadi mwisho, mtu wa pili aushike, na juu ya hapo uwekwe mti imara uliokatwa kwa kipimo, ncha zake zikiwa zimefungwa kitambaa. Hapa mti una haki yake, maana ni kwa dakika chache na kila mmoja anajua upo. Ubadilishwe upande mmoja kwanza, na wa pili usiguswe hadi wa kwanza ukamilike. Katika magari mengi kila kichwa cha shokapu kina klipu ndogo ya chuma. Klipu hiyo huinuliwa kidogo kwa bisibisi bapa, bila ya kuitoa kabisa, na kichwa huchomoka kwa kuvutwa. Katika mengine hufunguliwa boliti kwa spana.

Mpya huwekwa mlango ukiwa wazi kabisa, kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kuikunja. Kwa kawaida bomba huwa juu na mtaimbo chini pale mlango unapokuwa umefungwa, ili mafuta yaliyomo yakae juu ya sili na kuilainisha. Hata hivyo, jinsi mtengenezaji wa gari alivyoiweka ya awali ndivyo ifuatwe. Mtaimbo usishikwe kwa koleo, usipakwe rangi wala grisi, wala usisuguliwe kwa msasa. Kitambaa kikavu kinatosha. Mlango ufungwe polepole mara ya kwanza, huku ikitazamwa kama shokapu inagusa popote. Boneti hufuata utaratibu huo huo, ila injini iwe imepoa.

Kwa gari la Serikali inafaa dereva aiandike hitilafu mapema katika kitabu cha gari na kumjulisha ofisa anayehusika na usafiri, badala ya kungoja matengenezo makubwa, na hadi hapo wapakiaji waambiwe kwa kinywa.

Zinabaki shokapu za zamani. Hata iliyochoka bado ina gesi, na mgandamizo uliotajwa hapo juu haukwishi wote. Isikatwe kwa msumeno, isichomelewe, isitobolewe wala kutupwa katika moto au jalala linalochomwa, kwani hupasuka na kurusha mtaimbo wake kama risasi. Wanunuzi wa vyuma chakavu waelezwe kilichomo kabla ya kuichukua, na watoto wasiachiwe kuichezea.