Gitaa la Nyuma

Wapendwa vijana, mwaka wangu wa kichungaji niko Kibiti. Kufika kigango kimoja cha delta ya Rufiji tunasubiri maji yajae, ndipo boti ipite kwenye mikoko. Jumapili moja nilikuta waumini saba tu. Nikajiuliza: digrii yote ya falsafa, kwa watu saba? Nilikaribia kumwambia baba paroko narudi nyumbani.

Likizo nikaenda Dar, binamu yangu akanipeleka kuwaona Msondo Ngoma. Bendi hiyo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU. Watu walikuwa wanawatuza waimbaji na mpiga solo. Mimi nikamtazama mpiga gitaa la rizimu, kule nyuma. Wimbo mzima anarudia pigo lilelile, hatuzwi na mtu. Nikalifuata gitaa lake peke yake. Kumbe! Miguu ya ukumbi mzima ilikuwa inacheza lile.

Mtume Paulo anatufundisha hilo katika 1 Wakorintho 12: mwili ni mmoja, viungo ni vingi, na kile kinachoonekana dhaifu hakiachiki. Paulo hasemi kwamba siku moja kitapata sifa. Anasema kinahitajika.

Nilirudi deltani. Waumini walikuwa saba walewale. Safari hii sikuwahesabu mara mbili.

Tafakari: ni huduma gani unataka kuiacha kwa sababu tu hakuna anayeiona?

Tuombeane.