SOMO LA SAYANSI: PAA LA SHIMO LINASHIKWA NA NINI?



Kisha vakansi kubwa, mwanafunzi mmoja aliyemfuata kaka yake kwenye mashimo ya zahabu, njia ya Bafwasende, aliniuliza: «Mwalimu, kule chini paa linashikwa na nini? Na mtu anajuaje kama litaanguka?» Ni swali la maana, maana kuko watu wanaokufa kwa kukosa jibu lake. Tujifunze pamoja.

Kwanza tuende kwa Wagenia. Wavuvi wanasimamisha miti yao mikubwa ndani ya matundu ya mwamba, na maji yote yale hayaing'oi. Mwamba ni nguvu kabisa. Lakini uangalie vizuri: mwamba ule uko na nyufa. Mtu akichimba njia chini ya ardhi, hatari ya kwanza si jiwe lenyewe, ni nyufa zake. Nyufa zikikutana, zinakata mwamba kama matofali bila sima. Tofali moja likitoka, jirani yake anakosa wa kumshika.

KIPIMO CHA Q

Mwaka 1974, Barton, Lien na Lunde wa Taasisi ya Jioteknika ya Norway walitazama mashimo zaidi ya 200 yaliyokwisha kuchimbwa, wakatengeneza hesabu hii:

Q = (RQD ÷ Jn) × (Jr ÷ Ja) × (Jw ÷ SRF)

Usiogope. Ni maswali matatu tu.

1. Vipande ni vikubwa namna gani? Tunatoboa mwamba na kutoa mchi wa jiwe. Tunajumlisha vipande vya sm 10 na kupita, tunagawanya kwa urefu wote, tunazidisha kwa 100: ndiyo RQD. Jn ni namba ya makundi ya nyufa: makundi mawili, 4; makundi matatu, 9.

2. Vipande vinashikana? Jr ni ukwaruzo wa nyufa: ufa ulionyooka wenye kukwaruza, 1.5, ulionyooka na laini, 1. Ja ni hali ya kuta za ufa: zikiwa safi, 1, zikipakwa udongo wa mfinyanzi unaoteleza, 4.

3. Maji na uzito vinafanya nini? Jw ni 1 kukiwa kukavu, 0.66 maji yakiingia kwa kiasi. SRF ni mgandamizo wa mlima: wa kadiri, 1, karibu na uso wa ardhi ambapo mwamba umelegea, 2.5.

TUFANYE HESABU

Mchi wa meta 1 umetoa vipande virefu vya jumla sm 72. RQD = 72. Makundi ya nyufa ni matatu, nyufa zinakwaruza, ni safi, kukavu, mgandamizo wa kadiri:

Q = (72 ÷ 9) × (1.5 ÷ 1) × (1 ÷ 1) = 12

Kati ya 10 na 40 mwamba unaitwa mzuri. Upana wa shimo linaloweza kusimama bila kutegemezwa ni 2 × ESR × Q kwa kipeo cha 0.4. ESR inategemea kazi ya shimo: njia ya maji ya umeme au njia ya kudumu ya mgodi, 1.6, chumba cha mashini za umeme, 1, kwa sababu hapo hatutaki hatari hata kidogo. Kwa njia ya maji tunapata karibu meta 8.6. Kwa chumba cha mashini, meta 5.4 tu.

Sasa tutembee meta ishirini mbele. Jiwe ni lile lile, RQD ni ile ile. Lakini nyufa ni laini, ziko na udongo wa kuteleza, na maji yanaingia:

Q = (72 ÷ 9) × (1 ÷ 4) × (0.66 ÷ 1) = 1.32

Mwamba umekuwa mbaya, na upana umeshuka hadi meta 3.6. Njia yetu ikiwa na upana wa meta 6, pale mwanzo ingesimama yenyewe. Hapa inataka vyuma virefu vya karibu meta 2.5 vipigiliwe paani, na beto ipuliziwe juu. Mwamba haukubadilika sura, ni udongo na maji tu. Ndiyo maana injeniere anapima upya kila anaposonga mbele.

MIFANO YA KWETU NA YA JIRANI

Uganda, kule Karuma kwenye mto Nili, kuko chumba cha mashini 6 chini ya ardhi, cha megawati 600, kilichozinduliwa Septemba 2024. Maji yanatoka kwa njia mbili za mwamba, kila moja zaidi ya km 8.

Kwetu, mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi uliporomoka sehemu yake ya katikati Septemba 1990. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha hata 100,000. Sababu zilikuwa nyingi, na Kamoto ni moja kati ya zile kubwa.

NENO KWA WANAOKWENDA MASHIMONI

Msichukue hesabu hii mkajipimie nayo shimo la zahabu! Q ni ya mwamba mgumu wenye nyufa. Mashimo mengi ya wakrezeri yako ndani ya udongo na mwamba uliooza, na huo haujishiki wenyewe. Lakini maswali yale matatu yanafaa popote. Ukiona ufa mpya, maji ambayo jana hayakuwako, au udongo unaodondoka kidogo kidogo, usingoje kumaliza mfuko. Toka, na umwite mwenzako atoke. Zahabu itangoja, paa halingoji mtu.

MAZOEZI

1. RQD = 60, Jn = 4, Jr = 1.5, Ja = 1, Jw = 0.66, SRF = 2.5. Tafuta Q.
2. Kwa nini chumba cha mashini kinapewa ESR ndogo kuliko njia ya maji?
3. Nenda Wagenia, chagua jiwe moja, uhesabu makundi ya nyufa zake. Ulete mchoro darasani.

Mwalimu wenu wa Sayansi